Namba Inayofuata ya Kapteni Kasia

Kapteni Kasia hakuwa na joho, kwa sababu kitambaa kinachopepea ni kigumu kuchora. Hakuwa na kinyago, maana hapa Baraka kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, na ukijifunika uso watu watakuuliza tu kama ni jino linakuuma. Hakuwa na gari, wala bunduki, wala maabara ya siri chini ya ardhi. Kwetu hata choo kikichimbwa sana hujaa maji ya ziwa. Hakuwa na mchumba tangu toleo la tano la vitabu vyake vya picha, pale mchungaji mmoja alipokuja kulalamika akiwa na toleo lenyewe mkononi, limechakaa kwa kusomwa. Hakuwa na miguu: muumba wake hakuwahi kujua kuchora vidole, kwa hiyo shujaa huyo alisimama miaka yote ndani ya mtumbwi, au majini hadi magotini, au nyuma ya kapu la ndagala, dagaa wa kwetu. Alikuwa na kasia lake tu. Akilichovya ziwani mara moja, mtumbwi wake uliipita boti yoyote ya injini kati ya Baraka na Kalemie.

Na hakuwa na namba. Au tuseme alikuwa nazo nyingi mno, na mwenye namba nyingi ni kama mtu mwenye vyeti vitatu vya kuzaliwa: akifika ofisini, ndipo inapoonekana kwamba hajazaliwa.

Muumba wake alikuwa Mzee Placide, mchoraji wa vibao vya saluni na vya maduka ya dawa, aliyejifunza kusoma sawasawa katika shule ya jioni ya parokia akiwa tayari na mke na mtoto. Cheti chake kilining'inia juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Shati lake alilifunga vifungo hadi shingoni, jua liwake lisiwake. Alikuwa mtu wa kujiendeleza: kila mwaka alijifunza jambo moja jipya na kuwachosha majirani nalo. Mwaka wa kompyuta ulipita, mwaka wa vitamini ukapita. Kati ya vyote alivyojifunza, neno alilolipenda zaidi lilikuwa "kimsingi," na alilitumia kama watu wengine wanavyotumia chumvi.

Simu ilimkuta kwa Bienfait, mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko, mahali ambapo Kapteni Kasia alizaliwa upya kila mara jenereta lilipokubali. Mzee Placide alipoona namba ni ya Bukavu, aliweka sauti ya nje. Si kwamba masikio yalikuwa mabovu. Kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, na ingekuwa uchoyo kuzungumza na Bukavu peke yake.

"Papa Placide? Mi njo Chérie, wa nyumba ya vitabu ya huku. Tulisoma Kapteni Kasia. Tunataka kumutoa na rangi, kwa karatasi yenye kung'aa."

Mzee alitazama foleni kuhakikisha neno rangi limefika hadi mwisho.

"Kimsingi," alisema, "ni jambo linalowezekana."

"Tutaanza na numero moja, Papa. Maana bantu banapenda numero moja. Bakiona sabini banasema, aa, hii tulishachelewa, banaacha."

"Vema sana. Hilo toleo la kwanza nitaliandika kwa umakini wa—"

"Hapana, Papa, sikiya. Kama ni numero moja, ni kitabu mupya. Tuko na kijana mwenye ataandika. We tutakushukuru kwa ukurasa wa nyuma. Na picha yako, kama iko."

Bienfait alizima mashine. Mtu mmoja aliyekuja kunakili kadi yake alishusha macho, kama unavyofanya ukimwona jirani ameteleza kwenye tope na nguo za kanisani. Mzee Placide aliona kwamba alikuwa anakufa hadharani, kwa sauti ya nje, kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa wa nyuma! Miaka yote hiyo, halafu mtu mwingine amwambie Kapteni Kasia aseme nini!

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayefukuza mbuzi, "kitabu hakianzi! Kinaendelea! Toleo linalofuata ni la mia!"



"Mia? Papa, mia ya kweli?"

"Mia kamili."

"Basi hiyo ni mambo ingine! Kitabu chenye kilifika mia, mutu hawezi kukinyang'anya mwenyewe. Kava tutaweka mia, na utaandika we. Lakini patron, mukubwa wetu, anataka barua, Papa, na sahihi ya wino, yenye kuonyesha numero zote: ngapi zilitoka, na wapi. Ifike mbele ya siku ya posho, ni kusema kabla ya Jumamosi. Kava inaenda kuchapwa."

Foleni ilipiga makofi. Mwenye kadi alimpa mkono. Mzee Placide alirudi nyumbani akiwa mwandishi wa matoleo tisini na tisa, na tatizo lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa ameyaandika.

Mkewe Suzanne alikuwa anamenya mihogo uani. Alimwona akipita bila salamu, kisha akasikia sanduku la bati likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

"Baba Rosette, unahama?"

"Nahesabu."

Hesabu ilianza vizuri. Mfululizo wa kwanza, wa kabla ya vita, ulikuwa na vitabu thelathini na kimoja. Namba kumi na mbili ilitoka mara mbili, kwa sababu mwenye mashine wa wakati ule alinakili jalada la zamani, lakini namba ishirini haikutoka kabisa, kwa hiyo kihesabu zilifutana. Kisha vita ikaja, Baraka ikabaki na mbwa, na Placide na familia yake wakaelekea bara, Lulimba, ambako alichimba dhahabu kwa miaka mingi na kupata matope. Waliporudi alinunua wino, akachora Kapteni Kasia akitembea sokoni, yaani kiwiliwili chake kikitembea nyuma ya meza za nyanya, na juu ya jalada akaandika namba moja.

Hakuna aliyeshangaa. Mwaka ule kila mtu alikuwa anaandika namba moja. Nyumba zilianza moja, mashamba moja, ndoa nyingine pia. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi kabla ya vita, ukimuuliza, alikwambia, "Niko na moja," akiwa na maana ya kuku. Kuandika thelathini na mbili wakati ule kungekuwa kama kuvaa viatu viwili mbele ya watu wenye kimoja. Mfululizo huo wa pili ulikuwa umefika thelathini na nane.

"Sitini na tisa," alisema Mzee Placide.

"Ulisema mia."

"Nani amekwambia?"

"Sauti ya nje," alisema Suzanne.

Aliendelea kutafuta. Kulikuwa na kalenda aliyochorea duka moja la chumvi, ambamo Kapteni Kasia alitokea mwezi wa sita. Kulikuwa na karatasi ya kuhimiza watu walale ndani ya chandarua, ambamo alipigana na mbu. Kulikuwa na kadi ya harusi ya binti yao Rosette, ambamo alimpigia bibi harusi makasia hadi kanisani, jambo lililowashangaza wakwe, kwa sababu kanisa liko mlimani.

"Sabini na mbili."

"Na ukuta wa choo?" alisema Suzanne bila kuinua macho. "Ulimuchora pale pia. Watu banamusoma kila siku."

Mzee Placide alifikiri kidogo. "Sabini na tatu," alisema. Mkewe alicheka hadi muhogo ukamponyoka. Alipomaliza alifuta machozi kwa kiganja na kuuliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Na Nasoro, yeye alitoa ngapi?"

Jina hilo halikuwa limetajwa ndani ya ile nyumba kwa muda mrefu. Nasoro alikuwa mtu wa Mboko, wa familia ya Kiislamu yenye boti, na kabla ya vita ndiye aliyevipeleka vitabu vya Kapteni Kasia katika kila kijiji cha ufukweni, akivisoma kwa sauti pale pwani, akipiga kelele za injini kwa mdomo. Vita ilipowatawanya, Placide alikwenda bara na Nasoro akavuka ziwa hadi kambini, Tanzania. Huko kambini, bila kumuuliza mtu, alianza kuchora Kapteni Kasia yeye mwenyewe. Habari ilipofika Lulimba, Placide alivua kofia, akaitupa chini, akasema neno moja: bandia. Tangu hapo, kila aliyemwambia kwamba ameona kitabu cha kambini, alijibiwa neno hilo hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma hata kimoja. Mtu wa kujiendeleza hasomi bandia.

"Vile si vitabu," alisema.

"Basi andika barua ya choo," alisema Suzanne, akachukua sufuria yake.

Asubuhi iliyofuata Mzee Placide alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda Mboko, shati limefungwa hadi shingoni, mdomo umefungwa kwa sababu ya vumbi, na njia nzima alikuwa anatunga namna ya kuomba kitu bila kuonekana anaomba. Alipofika alikuwa na sentensi nzuri sana, iliyoanza na kimsingi. Ilimtoroka palepale.

Nasoro alikuwa ameketi barazani akiangalia wavu ukishonwa. Alikuwa amenenepa. Ndevu zilikuwa nyeupe, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Hawa!" alimwita mkewe. "Hawa, kuya uone! Mwenye-original amekuya kwa mwenye-bandia! Leta kiti kyenye mugongo, huyu hawezi kukaa kwa kiti ya bandia."

"Habari ya siku nyingi, ndugu yangu."

"Ndugu! Usikiye! Jana nilikuwa mwizi, leo ndugu. Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Ee. Hilo njo tatizo letu, kumbe," alisema Nasoro, na Mzee Placide hakuelewa.

Hawa alileta kiti, maji ya kunawa, bugali na samaki. Mgeni halaumiwi akiwa na njaa, na hata Nasoro alinyamaza wakati wa kula. Baadaye Mzee Placide alieleza: Bukavu, rangi, karatasi ya kung'aa, namba moja, kijana mwingine kuandika, ukurasa wa nyuma. Alipofika kwenye mia alikohoa.

"Ulisema mia," alisema Nasoro taratibu, "na uko na ngapi?"

"Kimsingi—"

"Placide. Ngapi?"

"Sitini na tisa."

Nasoro alipiga paja. "Sasa bandia njo dawa! Jana sumu, leo dawa! Unataka zangu ziingie kwa hesabu, ili ukuwe na mia yako. Hawa, unasikia?"

"Ninasikia, na ata Uvira banasikia," alisema Hawa.

Hata hivyo aliingia ndani, akarudi na furushi lililofungwa kwa plastiki ya bluu. Vitabu vilikuwa ishirini na vinne. Karatasi zilikuwa za kila aina, nyingine zimekatwa kutoka kwenye mifuko ya unga, na juu ya jalada hapakuandikwa namba bali mgao: Mgao wa Kwanza, Mgao wa Pili. Kule kambini kitabu kilitoka siku ya kugawa chakula, kwa sababu ndiyo siku pekee watu wote walikuwa mahali pamoja. Mgao ukichelewa, Kapteni Kasia naye alichelewa, na maadui zake walimngoja wamekunja ngumi. Watu walisahau tarehe na miezi, lakini ukimuuliza mtu mtoto wake alizaliwa lini, alikuambia, "Ule mugao Kapteni Kasia alipigana na kiboko."

Mzee Placide alifungua cha kwanza akiwa amekunja uso kama daktari. Cha tatu alikifungua akiwa ameukunjua. Kwenye cha saba alisimama.

"Amesimama nchi kavu," alisema.

"Ee."

"Ana vidole vya miguu."

"Kumi," alisema Nasoro. "Ungependa ngapi?"

Alivihesabu. Vilikuwa vidole vya kweli, vyenye kucha, vya mtu aliyetembea sana. Mzee Placide alihisi wivu ukimpanda, wivu mdogo, wa kitoto, usiofaa kwa mtu mwenye cheti, akaugeuza kuwa kikohozi. Akaendelea hadi cha mwisho.

Katika kitabu cha mwisho, watu wa kambini wanarudi nyumbani kwa boti. Upepo unaamka katikati ya ziwa na injini inazima. Kapteni Kasia anajifunga kamba kiunoni, anaivuta boti nzima kwa kasia lake, usiku kucha, hadi watu wanaona moto wa kwao ufukweni. Wanageuka kumshukuru. Kamba inaelea, haina mtu. Wanamngoja, ziwa halimrudishi. Basi wanafanya kama wazee walivyofanya kwa aliyemezwa na maji: wanakata mgomba wenye urefu wake, wanauvika sanda, wanauzika. Picha ya mwisho ni kasia lililosimikwa juu ya kaburi. Hapakuwa na neno lolote chini yake.

Ilikuwa bora kuliko kitu chochote alichowahi kuchora yeye. Alijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba amekalia miba.

"Ulimuua," alisema.

"Nilimuua."

"Shujaa wangu! Kwa nini?"

"Nilikuwa narudi nyumbani," alisema Nasoro. Utani ulikuwa umemtoka mdomoni. "Kila mutu alikuwa anarudi. Sikutaka abaki kule peke yake, mukimbizi bila bantu. Nikasema, afike kwanza, ata akifa, afie kwa maji ya kwetu. Na bantu balimulilia, Placide! Si muchezo. Bamama balikaa kwa mikeka, balileta kuni. Muzee moja aliuliza kama tumemujulisha baba yake. Baba yake, maana yake we."

Mzee Placide aliinamia tena picha ya kaburi.

"Halafu mi nafika hapa Mboko, na kilio bado kwa mabega yangu. Bantu banakuya kunicheka: Nasoro, ile maiti yako tumeikuta kwa soko ya Baraka, iko inatembea nyuma ya nyanya! Numero moja! Hakuna ata mutu alieleza amerudi namna gani. Hukuondoa matanga. Ulimutoa kaburini kama mutu anatoa koti kwa sanduku."

"Mimi sikujua amekufa."

"Ju hukusoma bandia!"

Hapo ndipo jambo lilipokwama, na wote wawili waliliona. Kama vitabu vya Nasoro vinahesabiwa, Kapteni Kasia alikufa, na kitabu cha rangi kitakuwa cha marehemu. Kama havihesabiwi, hakufa, lakini Mzee Placide anabaki na sitini na tisa na choo chake, na kijana wa Bukavu anaandika. Huwezi kuchukua namba za mtu ukakataa msiba wake.

"Mimi ningeweka kalenda," alisema Mzee Placide kwa sauti ndogo, "na chandarua, na kadi ya harusi ya Rosette. Pamoja na zako zinafika..." Alihesabu kwa vidole. "Tisini na sita. Tukitafuta vitu vingine vitatu—"

"Ukiweka kadi ya harusi kwa hesabu," alisema Nasoro, "kaburi yangu itakaa pembeni ya kadi ya harusi. Weka. Lakini zangu funga kwa plastiki yake, unirudishie."

Mzee Placide alitazama lile kasia lililosimikwa kwenye ukurasa. Alijaribu kuona kalenda ya chumvi karibu yake, mwezi wa sita, tabasamu na kila kitu. Akaona aibu, si ile ya kwa Bienfait yenye watu wanne, bali nyingine isiyo na foleni.

"Basi kadi itoke," alisema. "Kalenda itoke. Vyote vitoke. Lakini bado amekufa."

Hawa alikuwa anakusanya sahani. "Balimuona?" aliuliza.

"Kuona nini?" alisema mumewe.

"Maiti. Balimuona?"

"Balizika mugomba, si unaona?"

"Mi nauliza ju Mujomba Zakaria pia balimuzikia mugomba."

Mzee Placide akaomba aelezwe, naye Hawa akaketi, sahani mapajani. Mjomba wake Zakaria alipotea ziwani na upepo, akaliliwa, akazikiwa mgomba, na siku moja akaonekana anashuka kutoka boti ya ndagala, amekonda, anadai chakula. Hawakumruhusu apite mlangoni. Mtu aliyeliliwa hapiti mlangoni; huo aliutokea kwa mara ya mwisho. Katika ukoo wao walitoboa ukuta wa nyuma, wakamwingiza kwa hapo, wakamnyoa, bibi wawili wakamwogesha na kumpa uji kwa kidole. Siku ile akawa mtoto wa siku moja, na matanga yakaondolewa.

"Lakini muke yake alibaki muke yake," alisema Hawa. "Batoto balibaki bake. Na deni yake pia, ju mutu wa duka alikuwa wa kwanza kufika. Tangu pale, ukimuuliza, Mujomba, uko na miaka ngapi, anakujibu: niko na ine, na sitini na mbili. Zote mbili. Na anakasirika kama ukitaja moja tu."

Wavu uliendelea kushonwa.

"Moja," alisema Mzee Placide polepole, "na..." Vidole vyake vilianza kazi. Thelathini na moja za kabla ya vita. Ishirini na nne za kambini. Thelathini na nane za Baraka. "Moja, na tisini na nne."

"Moja kubwa kwa kava," alisema Nasoro akisogeza kiti, "ju ya bale wa Bukavu benye kuogopa sabini. Na chini, ndogo, tisini na ine."

"Kihesabu inasimama! Ana umri wa aina mbili! Na watoto ni wake, maana yake hadithi hainyang'anywi. Aliyemzaa ndiye anayeandika!"

"Benye," alisema Nasoro.

"Nani?"

"Benye banaandika, sisi bawili. Mi njo nilimuzika. We hujui ata ukuta gani wa kutoboa. Na miguu utachora na nani?"

Mzee Placide alimeza kitu kilichokuwa na ukubwa wa kiburi chake chote. Kilipita kwa shida, lakini kilipita.

"Benye," alisema.

Lilibaki swali la vile vitabu thelathini na vinane vya Baraka, ambamo marehemu alitembea sokoni bila kuondolewa matanga. Mzee Placide alijaribu kueleza kwamba kimsingi ulikuwa mfululizo wa mpito. Nasoro alisema ni rahisi zaidi ya hapo: yule mtu alikuwa mzimu, alikuwa anatembea Baraka na hakuna aliyekuwa na heshima ya kumwambia kwamba amekufa. "Na ndiyo maana miguu haikuonekana," aliongeza. Mzee Placide alicheka kabla hajajizuia, kisha akadai iandikwe kwamba wazo hilo walilipata pamoja.

Barua iliandikwa barazani palepale. Rasimu ya kwanza ilijaza kurasa mbili bila kufika kwenye jambo. Nasoro alisoma akasema inafanana na mtu anayetafuta choo katika nyumba ya wakwe. Ya pili ilikuwa fupi:

*Binti yetu Chérie. Ile mia niliyosema kwenye simu ilikuwa ya kelele, watu walikuwa wengi. Vitabu vilivyotoka ni tisini na tatu: thelathini na kimoja Baraka, ishirini na vinne kambini kwa mkono wa Nasoro, na thelathini na vinane Baraka tena. Shujaa wetu alikufa, akazikiwa mgomba, na sasa anarudi. Kwetu anayerudi hivyo huanza moja, lakini watoto wake hubaki wake. Tunaomba jalada liwe na 1 kubwa na 94 ndogo, na maandishi yawe yetu sisi wawili. Kama haiwezekani, msimtoe. Atakaa na sisi. Picha yangu ninayo, lakini si ya lazima.*

Nasoro alitaka sentensi ya mwisho ifutwe. Mzee Placide alikataa. Mtu hawezi kubadilika kabisa siku moja.

Walitia sahihi wote wawili. Hapo ikaonekana kwamba bahasha haina gundi, ilikuwa imekauka katika duka kwa miaka. Hawa alichukua bugali iliyobaki, akaifinyanga na maji kidogo hadi ikawa laini, akaipaka kwenye mdomo wa bahasha, akaibana kwa kiganja. Gari la kwenda Uvira lilikuwa limesimama barabarani likipakia mihogo. Dereva wake alikuwa na shemeji aliyekuwa akiendelea hadi Bukavu.

Mzee Placide alimpa barua kwa mikono miwili.

"Inanukia chakula," alisema dereva akiigeuza. "Iko nini ndani?"

"Matanga," alisema Nasoro. "Tunaondoa."

"Poleni, bazee," alisema dereva kwa heshima, akavua kofia, akaitia barua ndani yake, akaivaa tena, na gari likaondoka.